Buluu ya Mjerumani

Wekesa amekufa. Nimepewa habari Jumanne iliyopita, nimekaa uani nachambua mchicha, simu ikalia, namba siijui. Nilitaka kuiacha, maana siku hizi kila namba usiyoijua ni mtu anayetaka kukwambia umeshinda kitu. Kumbe ni binti yake. "Shangazi, baba ametuacha." Akaniuliza kama nitaweza kufika Bungoma kwa mazishi. Nikamwambia mwanangu, magoti haya hata dukani hayataki kwenda. Nikarudi kwenye mchicha wangu, nikauchambua mpaka mwisho, nikaupika, nikala, nikaosha sahani, na machozi yalikuja baadaye kabisa, natundika nguo, bila sababu ya wakati ule. Basi nimechukua daftari. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye kusoma anivumilie nikiruka huku na huku. Ya kwetu siyaandiki, nilizaliwa na nani, nikaolewa na nani, nikaachwa kwa nini. Hayo yana wenyewe, baadhi yao wako hai na wanajua kusoma. Naandika mwaka mmoja tu, wa Doha, ule wa elfu mbili na kumi. Nilikaa kule miaka minne, lakini mingine mitatu ukinibana niieleze nitakwambia nilifua nguo.

Nyumba ilikuwa Al Thumama, upande ambao ndege zinapita chini mpaka unaweza kuona tumbo lake. Mwenye nyumba tulimwita Baba. Kule ndivyo watumishi wanavyomwita tajiri wao, hata kama wewe ndiye mkubwa kwa umri. Mkewe tulimwita Madamu. Nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na ua, na uani jiko la nje, maana samaki na vitunguu havikutakiwa kunuka ndani, na pembeni ya jiko vyumba vyetu. Tulikuwa watatu. Mimi wa kusafisha. Nabirye, Mganda wa Jinja, wa kupika, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla. Na Wekesa, dereva, mtu wa Bungoma, mrefu, aliyepiga pasi shati lake kila asubuhi hata siku ambazo gari halitoki. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, yeye thelathini na kitu, akawa ananiita "mathe", mama kwa lugha yao ya mtaani. Mwanzoni nilikasirika. Kwetu pwani mtu haitwi hivyo, niliona kama ananivunjia heshima. Baadaye nilizoea, na siku aliyoacha kuniita hivyo niliiona.

Mchana tulikula pamoja jiko la nje, sinia moja katikati. Nabirye alipika wali wa mabaki ya ndani, Wekesa akasonga ugali wake pembeni, maana alisema wali ni kitu cha kuchezea mdomo kabla chakula hakijaja. "Sasa huyu anakula saruji halafu anatucheka sisi," Nabirye alikuwa anasema, na mkono wake wa kwanza unaenda kwenye ugali huohuo. Nayaandika haya kwa sababu baadaye lile sinia liliondoka, kila mtu akawa na sahani yake na amempa mwenzake mgongo.

Sasa picha. Ndani kulikuwa na chumba cha vitabu cha Baba. Zulia lake linameza mguu, pazia nzito, na kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Humo ukigusa kitasa cha mlango kinakurusha, ukivua mtandio nywele zinasimama. Ukutani, peke yake, ilitundikwa picha moja ndogo, haizidi sinia la chai. Baba aliinunua Ulaya. Ilichorwa kwenye karatasi, kwa chaki za rangi, si za ubaoni, laini kama poda, na mchoraji wake ni Mjerumani aliyekufa kijana vitani, ile vita kubwa ya kwanza ya Wazungu. Hayo Baba aliniambia mwenyewe. Alikuwa mtu mpole aliyependa kueleza, na mkewe hakupenda kusikiliza, basi akanieleza mimi, Kiarabu kidogo, Kiingereza kidogo, mikono mingi. Mimi moyoni nikasema, Mjerumani? Kwetu wazee walivyoitaja vita ya Mjerumani walitaja wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo wasirudi. Kumbe na huko kwao kulikuwa na mmoja amekaa anakoroga rangi.

Ukiniuliza ilikuwa picha ya nini, sijui, na hakuna aliyejua. Hapakuwa na mtu, wala mnyama, wala nyumba. Juu buluu nyingi, imezunguka kama maji ya ndoo uliyoyakoroga kwa mkono. Katikati kitu chekundu chenye ncha. Kushoto manjano, na chini kijani na waridi zinasukumana kama watu mlangoni. Basi. Baba alikuwa anakaa mbele yake baada ya Alasiri na chai yake ya maziwa, kimya, saa nzima. Hapo ndipo shaka ya kwanza ilipoingia nyumbani, kabla ya chochote kuharibika. Mtu mzima anaangalia nini saa nzima mahali pasipo na kitu?

"Ile kitu si mzuri," Nabirye alisema. "Mimi nakwambia, Dada. Kwetu mtu akiwa na kitu kama ile ndani, ujue kuna kitu anakilisha."

"Anakilisha nini? Chai?" Wekesa akacheka.

"Wewe cheka. Siku utaitwa ndani peke yako, utaniambia."

Mimi sikucheka wala sikubisha. Nilisoma Ayatul Kursiyu kila nilipoingia mle na kitambaa changu. Siku moja nilimuuliza Baba, kwa adabu, kama malaika wanaingia chumba chenye picha. Akacheka, akanionyesha kwa kidole: "Tafuta yenye roho hapa. Huioni. Hii haina roho." Nikatulia kidogo, lakini si sana. Kitu kisicho na roho kinachomkalisha mtu saa nzima kinanitisha zaidi.

Mambo yalianza na mpira. Mtoto wa dada yake Madamu alikuja Ijumaa, akacheza ndani, mpira ukapiga kioo cha picha, kikapata ufa. Baba nusura azimie. Wekesa akatumwa aipeleke kwa watu wa fremu, mjini, ibadilishwe kioo. Ikarudi baada ya siku chache na kioo kipya kisichovunjika, chepesi, cha plastiki, safi usingejua si kioo. Wekesa ndiye aliyekwenda kuichukua, na safari ya kurudi ambayo ni ya nusu saa ilimchukua saa mbili na nusu. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimetumwa kusubiri mlangoni na taulo safi ya kuipokelea, nimesimama nimechoka, nikasali Adhuhuri na akawa bado. Alipofika jasho limemlowesha lile shati lake la pasi, na karatasi ya kufungia picha ilikuwa imelegea upande mmoja.

"Umepita wapi?"

"Jam, mathe."

"Saa ya adhuhuri?"

"Kwani jam ina saa yake?" Akapita bila kuniangalia.

Sasa niseme jambo ambalo si zuri. Madamu alikuwa amenifanya macho yake. Kila jioni nilimpelekea kahawa juu, na akaniambia tangu mwezi wa kwanza: wewe ni Mwislamu kama sisi, wale wawili siwajui, uwe unaniambia. Na mimi nikawa namwambia. Nilijisikia mtu. Nilimwambia Nabirye akificha nyama ya mwisho, nilimwambia Wekesa akizungumza simu kwa Kibukusu na kunyamaza nikiingia. Jioni ile nikamwambia za saa mbili na nusu, na za karatasi iliyolegea. Sikuambiwa niseme. Nilisema kwa sababu sikuwa na habari nyingine ya kupeleka siku ile, na kahawa inahitaji maneno.

Kazi yangu kwenye picha ilikuwa moja: kuifuta kila asubuhi. Madamu alikataza maji, akakataza ile dawa ya kupuliza, akasema kitambaa kikavu tu. Nikapewa kile kitambaa chenye manyoya laini, kinachonasa vumbi chenyewe. Na mimi kwa kufuta nina sifa. Sufuria zangu kwetu watu walikuwa wanazijua barazani kwa kung'aa. Kioo kile kipya kilinitesa tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi nilikikuta kina ukungu kidogo, kama mtu amekipumulia. Nikifuta hautoki, nikisugua zaidi unazidi. Nikamshuku Nabirye, kwamba mvuke wa jikoni unaingia. Nikamshuku mtoto wa dada yake Madamu na vidole vyake. Nikasugua. Asubuhi nyingine nilisugua mpaka bega likauma, na ule ukungu hapohapo, na mimi na hasira zangu, nikisema moyoni hakuna uchafu uliowahi kunishinda.

Miezi miwili hivi ikapita. Alasiri moja tukasikia Baba anapiga kelele. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti. Tukaitwa wote chumba cha vitabu, tukapangwa kama wanafunzi. Mkononi ana kitabu alichopewa alipoinunua, ndani yake mna ile picha imepigwa chapa. Akaishika kando ya ile ya ukutani. Wallahi hata mimi niliona. Kwenye kitabu buluu ilikuwa nzito, imeshiba. Ukutani ilikuwa imechoka, imepauka, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Ile nyekundu nayo imepoteza ncha.

"Hii siyo," Baba alisema, na hapo akasema taratibu ili kila mtu afahamu. "Hii ni nyingine. Mtu amechukua yangu, ameniwekea hii."

Madamu alimgeukia Wekesa. Na Baba, ambaye sikujua kama anajua, akasema, "Saa mbili na nusu. Ulikwenda wapi?" Nilitazama zulia. Nilijua neno hilo lilipanda ngazi na kahawa ya nani.

"Foleni, Baba."

"Watu wa fremu wanasema wewe ulitoka kabla ya adhuhuri. Mimi nimeuliza polisi wa barabarani? Sijauliza. Bado. Ulikwenda wapi?"

Wekesa alikuwa mtu wa maneno, lakini pale alifunga mdomo kama mlango wa chuma. Akasema tu, "Picha ni hiyo niliyopewa, na hiyo ndiyo nilileta." Baba akampa muda. Akitaja picha ilipo, yaishe kimya. Asipotaja, atakatiwa tiketi, atapelekwa uwanja wa ndege, na kule mtu akirudishwa hivyo miaka miwili harudi, na pasi yake ya kusafiria ikishaandikwa vibaya hakuna nyumba nyingine ya kumchukua. Simu na funguo za gari zikachukuliwa jioni ileile.

Baada ya hapo ndipo sinia lilipoondoka. Nabirye alianza kufunga kabati la viungo kwa kufuli. Akanishuku mimi, kwamba mimi ndiye niliyefungua karatasi siku ile mlangoni. "Wewe ndiye wa kwanza kuishika," aliniambia, huku anakata kitunguu. "Wewe na taulo yako." Mimi nikamshuku yeye, kwa nini anafunga viungo, ana nini ndani ya mdalasini? Wote wawili tukamshuku Wekesa, na yeye alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa nje ya mlango wake, shati limepigwa pasi, hana gari la kuendesha, anatazama ndege. Nilimtazama kutoka dirishani nikasema, ona, mtu asiye na kosa angelia. Siku nyingine alicheka na mtunza bustani wa jirani, nikasema, ona, mtu asiye na kosa angecheka? Nilikuwa hivyo. Ningemkuta anasali ningesema anatubia.

Asubuhi moja ya Jumapili niliingia kufuta kama kawaida. Baba alikuwa ameacha pazia wazi, jua la asubuhi likaingia kwa ubavu. Nilikuwa nafuta pembe ya chini, shavu langu karibu liguse ukuta, nikaitazama picha kwa upande, jinsi ambavyo mtu haitazami picha. Nikaona ule ukungu wangu. Haukuwa nje. Ulikuwa ndani, upande wa ndani wa plastiki, na haukuwa ukungu, ulikuwa na rangi. Ulikuwa buluu. Nikapitisha kitambaa mara moja tu, kwa mazoea, nywele za mkono wangu zikasimama, ukasikika mlio mdogo kama chumvi kwenye moto, na nikaona kwa macho yangu punje za buluu zinaruka kutoka kwenye karatasi zinakwenda kushika plastiki. Kama viroboto. Nikasogeza kitambaa kushoto, manjano ikaruka. Nikaelewa kila kitu pale pale, na mimi ni mtu mzito wa kuelewa. Ile plastiki ikisuguliwa kikavu inavuta, kama chanuo la plastiki linavyovuta nywele. Na mimi nimeisugua kila siku ya Mungu, na kila ilipochafuka kwa kusuguliwa nikaisugua zaidi. Hakuna mtu aliyebadilisha picha. Nilikuwa naing'oa mwenyewe, kidogo kidogo, na sifa zangu za usafi.

Hapa mtu anayetaka kunisifu angesema nilikimbia kwa Baba. Sikukimbia. Nilikunja kitambaa, nikaweka mfukoni, nikaenda kuosha bafu. Nilinyamaza siku tisa. Nazijua ni tisa kwa sababu kila usiku nilijiambia kesho. Nilijipa sababu nzuri. Kwamba ni Madamu aliyesema kavu tu, kosa ni lake, na mimi siwezi kumtia aibu mbele ya mumewe. Kwamba watu wa fremu ndio walioweka plastiki. Kwamba Wekesa lazima ana jambo, la sivyo angesema alikokuwa. Hii ya mwisho ndiyo iliyonilaza. Asubuhi niliingia na kitambaa nikasimama mbele ya picha bila kuigusa, nikapiga hewa, ili mtu akipita mlangoni aone nafanya kazi.

Siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, Nabirye yuko ndani, Wekesa akaja jikoni kutaka maji. Akanywa amesimama. Halafu akasema, bila mathe, bila utani:

"Nimeambiwa ni Alhamisi. Tiketi iko tayari."

Nikasema, "Pole."

"Nataka nikuambie kitu, ndio kama mtu akiuliza kule nyumbani, kuwe na mtu mmoja anajua. Wewe peke yako kwa hii nyumba hunichunguzi."

Nikamwongezea maji.

"Ile siku nilikuwa Al Wukair. Kuna jamaa wa kwetu ako kwa yadi ya mabasi ya shule. Walikuwa wanajaribu madereva, siku hiyo tu. Nikasema nipite nijaribu. Nimeendesha ile basi kubwa, mara tatu kuzunguka yadi. Picha nimeiacha kwa gari, injini inanguruma, AC iko juu isipate joto. Hiyo karatasi ililegea nikiifunga na mkanda wa kiti, kama mtoto." Akacheka kidogo. "Nimepita, hata. Walisema nilete barua ya tajiri kuniachilia. Sasa nikiambia Baba nilikuwa natafuta kazi ingine na gari yake na picha yake, si hiyo pia ni airport? Afadhali nifukuzwe kama mwizi ambaye hawana ushahidi naye."

Nitaandika na hili, kwa kuwa limenisumbua kuliko yote. Wazo langu la kwanza, kabla hajamaliza maji, lilikuwa: leo nina habari ya kumpelekea Madamu. Al Wukair. Mabasi. Lilikuja lenyewe, limezoea njia. Nilijiona kama mtu aliyejikuta na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Nilifungua droo nikachukua kile kitambaa, nikaingia ndani bila kuitwa, nikabisha chumba cha vitabu.

Baba alikuwa na chai yake, lakini kiti amekigeuza, ameipa picha mgongo. Nikamwambia. Kiarabu changu cha jikoni hakikuwa na maneno ya jambo lile. Nilisema, mimi, kitambaa, kavu, rangi inaruka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake unafunga.

"Amekutuma," alisema.

"Hakunituma, Baba."

"Ni mtu wa nchi yako. Mnakula pamoja. Amekupa nini?"

Madamu alikuwa amefika mlangoni. Akanitazama kutoka miguuni mpaka mtandioni, akamwambia mumewe neno la Kiarabu la haraka kuhusu mimi na Wekesa ambalo sitaliandika, lakini nililielewa, maneno ya namna hiyo ndiyo mtu anayojifunza mwanzo. Nikaona nitakavyokwisha. Nilinyamaza, nikaaminika. Nimesema, siaminiki. Nikasema, "Baba, sogea hapa, utazame kwa upande." Nikainua kitambaa.

Alifahamu nataka kufanya nini. Akasimama ghafla, chai ikamwagika kwenye zulia. "Usiiguse!"

"Kama ni ya uongo, itakuwaje?" nikasema. Sijui neno lile lilitoka wapi. "Si umesema hii siyo yako?"

Akabaki amesimama. Nilimwona anapigana. Kama ni bandia, niisugue hata siku nzima, hapotezi kitu. Lakini kama nasema kweli, basi ile iliyo ukutani ni yake, na ninachotaka kumwonyesha ni jinsi ya kuimaliza. Halafu akaja kando ya ukuta, akainama, shavu lake pale lilipokuwa langu, mzee mwenye kanzu nyeupe amebana ukuta kama mtu anayesikiliza majirani.

"Mara moja," alisema.

Nikasugua mara moja, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikisugua. Ule mlio ukasikika. Buluu ikaruka.

Alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanamume tena. Akanishika kifundo cha mkono, si kwa ubaya, akakishikilia tu. Akaomba tochi. Madamu akaleta, akaimulika kwa ubavu, na kwenye plastiki tukaona, nyembamba kama pumzi, picha nzima ya pili: buluu na mzunguko wake, ncha nyekundu, manjano, vyote vimehamia. Tulisimama watatu tukaitazama. Ilikuwa nzuri, nisiwe mwongo. Ndiyo siku pekee nilipoiona nzuri.

Jioni hiyo Wekesa alirudishiwa simu. Akaulizwa tena za saa mbili na nusu, na sasa akasema, basi, yadi, mkanda wa kiti. Baba alisikiliza akasema khalas, yameisha, na siku ya tatu akamwandikia ile barua ya kumwachilia, akaitia sahihi bila kumtazama. Picha ikafungwa ikapelekwa Ulaya kwa watu wanaotibu vitu kama hivyo, na muda wote niliobaki haikurudi. Mimi sikufukuzwa. Nilihamishwa kwenye dobi, na kahawa ya jioni ya Madamu akapewa Nabirye. Nilisikia kicheko chake juu ghorofani, nikajua sasa habari zinazopanda ni zangu.

Siku ya kuondoka Wekesa, Nabirye alipika kuku mzima, kwa ruhusa au bila, sikuuliza. Tulikaa jiko la nje watatu, kila mtu na sahani yake bado, hatukujua jinsi ya kurudi kwenye sinia. Wekesa amevaa shati jipya la kampuni, mikunjo ya dukani haijatoka. Halafu akaniuliza, mdomo umejaa ugali, kama anauliza chumvi iko wapi:

"Mathe, lakini ulijua lini? Hiyo ya kitambaa."

Nabirye akaacha kutafuna. Yeye hakuwa mjinga, alikuwa amenihesabia asubuhi zangu za kupiga hewa, nilimwona machoni. Ningeweza kusema kweli, kwamba nilijua siku tisa nzima. Hakuna aliyekuwa na la kunifanya tena, tiketi ilishafutwa.

"Asubuhi ya siku ileile niliyomwambia Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa. Wiki zote zile tulimshuku kwa kucheka, kwa kunyamaza na kwa kupiga pasi, na yeye mimi hakunishuku hata kidogo. Akatafuta kwenye sahani yake, akatoa firigisi, ile nzima, akaiweka kwenye sahani yangu. Nabirye akapiga ukelele: "Wekesa! Firigisi? Kwa mwanamke?" Kwao Nabirye na kwao Wekesa ni nyama ya mwenye mji, mwanamke hata aliyempika kuku haionji, na wapo walioachwa kwa kuionja.

"Huyu apewe," Wekesa alisema. "Kula, mathe. Kula nikiona."

Nabirye ananitazama. Wekesa ananitazama. Nikaichukua, nikaitia mdomoni, nikaitafuna taratibu mpaka ikaisha, nikamwambia ahsante, tamu.